Wembe wa Kukunja wa Zamani Hautaki Kunyoa: Anza na Makali, Mkanda Baadaye

Wembe wa kukunja una sehemu chache sana. Kuna bapa la chuma lenye mgongo mnene upande mmoja na makali upande wa pili. Mbele kuna ncha, nyuma kuna kisigino, pale bapa linapokutana na shingo. Kisha kuna mkia uliopinda wa kuwekea kidole, na mpini wa vipande viwili ambamo bapa hujificha likifungwa. Ukiongeza kinoo na mkanda wa ngozi, umemaliza orodha. Kwa uchache huo, wembe ukikataa kunyoa mtu hukimbilia kubadilisha kilicho rahisi kubadilisha, na mara nyingi ni mkanda.

Mimi nilipita njia hiyo. Wembe wangu wa kwanza wa zamani ulikuwa ukivuta ndevu za kidevuni hadi machozi yananilengalenga. Niliamini mkanda wangu wa ngozi ya ng'ombe ni hafifu, nikatafuta wa ngozi ya farasi, nikawa napitisha wembe mara mia kila asubuhi. Hali haikubadilika hata chembe. Siku nilipouweka chini ya lenzi ya kukuza mara 20 ndipo nilipoona kilichokuwapo muda wote: makali yalikuwa na vijipengo mfululizo kama meno ya msumeno, mabaki ya kutu ya miaka mingi. Mkanda wowote ule usingeyaondoa, maana mkanda haunoi. Kinoo ndicho kinachonoa kwa kula chuma. Mkanda hunyoosha na kulainisha ukingo ambao tayari umenolewa.

Kwa hiyo ukitafuta chanzo, kagua makali kwanza, kisha mkanda, mwisho mkono wako. Na badilisha kitu kimoja tu kila unaponyoa. Ukibadilisha kinoo, mkanda na sabuni siku moja, hutajua ni kipi kilichokusaidia.

## Wembe unavuta ndevu tangu siku ya kwanza

Karibu kila mara, wembe huu haujanolewa vya kutosha, hata kama aliyekuuzia alikuhakikishia kuwa ni mkali. Watu wengi huupima kwa kukata karatasi, na karatasi hukatwa hata na kisu cha kawaida. Kuupapasa kwa kidole gumba nako hakukuambii mengi, na kunaweza kukutoa damu bure.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakigusi ngozi. Simama chini ya taa moja yenye mwanga mkali, elekeza makali juu, uyatazame wima kana kwamba unatazama uzi kutoka juu. Ukingo mkali hauna upana wa kurudisha mwanga, kwa hiyo hauonekani. Unaona weusi tu. Sehemu butu au yenye pengo hung'aa kama nukta nyeupe au mstari mwembamba. Zungusha wembe polepole, kwa sababu nukta nyingine hujitokeza kwa pembe fulani tu. Nukta moja inatosha kuharibu kunyoa kwa shavu zima.

Kipimo cha pili ni vinyweleo vya mkono. Pitisha wembe juu kidogo ya ngozi bila kuigusa. Kama vinyweleo vinakatika hewani, na vinakatika sawasawa kuanzia kisigino hadi ncha, uko karibu. Kuna pia kipimo cha unywele unaoning'inia: shika unywele mmoja upande mmoja, uushushe juu ya makali, uone kama unakatika bila kusukumwa. Ni kizuri, lakini nywele hutofautiana unene, hivyo tumia nywele za mtu yuleyule kila mara na usikifanye hakimu wa mwisho.

Makali yakishindwa vipimo hivi, acha mkanda utundikwe. Wembe unahitaji kinoo. Habari njema ni kwamba umbo lake linakusaidia: unaulaza mgongo na makali juu ya jiwe kwa pamoja, na unene wa mgongo ndio unaopanga pembe ya kunolea. Huna haja ya kukisia kama kwa kisu. Jiwe la namba 1000 (namba ikiwa kubwa, chembe za jiwe ni laini zaidi) hujenga miteremko miwili inayokutana kwenye ukingo, na kazi nzima imo hapo. Mawe ya 4000 au 5000, 8000, na 12000 yanayofuata huondoa mikwaruzo ya jiwe lililotangulia. Mtu akiharakisha jiwe la kwanza, atang'arisha makali ambayo hayajakutana, na wembe utapendeza kwa macho huku ukivuta ndevu vilevile.

Ushauri wangu kwa anayeanza: wembe wa kwanza mpe mtu mwenye uzoefu aunoe. Hapo utajua makali mazuri yanavyohisi usoni. Bila kumbukumbu hiyo, utanoa wiki nzima bila kujua ulikuwa unatafuta nini.

## Ulinyoa vizuri mara mbili tatu, kisha ukaanza kuvuta

Sasa tunaweza kuushuku mkanda, au tuseme jinsi unavyoutumia. Makali yaliyokuwa mazuri hayafi kwa siku tatu yenyewe, huuawa. Na wauaji ninaowafahamu ni watatu.

Wa kwanza ni mkanda uliolegea. Ukiuacha ubonyee katikati, ngozi hupanda juu na kukunja ukingo kila unapopita. Vuta mkanda hadi unyooke kama ubao, ila usiung'ang'anie hadi mkono utetemeke.

Wa pili ni uzito wa mkono. Wembe ukae juu ya ngozi kwa uzito wake na kidogo tu zaidi. Ukiona ngozi inazama chini ya bapa, unakandamiza.

Wa tatu ndiye mbaya zaidi: kugeuza wembe kwa upande wa makali. Mwendo ni huu. Mgongo unatangulia, makali yanafuata nyuma. Ukifika mwisho, mgongo unabaki umegusa mkanda, unauviringisha wembe juu ya mgongo wake kwa kuzungusha shingo kati ya kidole gumba na cha shahada, halafu unarudi. Makali hayatangulii kamwe, na hayagusi ngozi wakati wa kugeuka. Kifundo cha mkono kinatulia. Vidole ndivyo vinavyogeuza. Ukisikiliza, utasikia mvumo laini unaofanana kwenda na kurudi. Sauti ikiwa tofauti upande mmoja, unauinua mgongo upande huo.

Kasi haina faida yoyote. Mwanzoni nenda polepole sana, hata sekunde moja na nusu kila mpito. Pita mara 20 kwenye kitambaa kilicho nyuma ya mkanda na mara 50 kwenye ngozi kabla ya kunyoa, inatosha. Fanya mazoezi kwa kisu cha mezani kisicho na makali hadi vidole vizoee kugeuza, kisha ndipo ushike wembe.

Kama makosa haya yameshatokea, jaribu kwanza mipito 60 sahihi, mepesi. Ukingo uliopinda kidogo tu unaweza kurudi. Usiporudi, gusa tena jiwe la mwisho kwa mipito michache na uanze upya.

## Mkanda wenyewe una alama za kukatwa

Karibu kila anayeanza huukata mkanda wake, na ndiyo sababu nasema kwa moyo wote: mkanda wa kwanza usiwe wa gharama. Chukua ngozi ya ng'ombe iliyo bapa, laini, isiyo na makunyanzi. Ngozi bora ya farasi, ile ngumu ya matakoni ambayo hung'arishwa hadi iwe kama kioo, subiri hadi miezi mitatu ipite bila kuukata wa kwanza.

Alama ndogo iliyoacha kijinyama kilichonyanyuka hurekebishika. Funga msasa laini kwenye kipande cha mbao bapa, usugue hadi kidole kisisikie kitu kinachokwama, ufute vumbi. Mkato wa pembeni unaweza kuupunguza kwa kisu kikali. Lakini mkato mrefu uliopita katikati, ambao makali yanauhisi kila mpito, umemaliza maisha ya mkanda huo kwa kazi ya kila siku. Uhifadhi kwa majaribio.

Upana ndio uamuzi unaoonekana mdogo na una uzito mkubwa. Makali ya nyembe nyingi yana urefu wa karibu inchi 3. Mkanda wa inchi 3 unayapokea yote kwa mpito mnyoofu. Mkanda wa inchi 2 au 2.5 unakulazimu uende mshazari, ukianzia kisigino na kuishia ncha, na anayeanza mara nyingi husahau sehemu moja. Mkanda mpana nao una hila yake: ukijikunja kingo kidogo tu, katikati ya makali haipati kitu. Kwa wembe wenye makali yaliyopinda kwa nje kama tabasamu, mkanda mwembamba kiasi hufaa zaidi, kwa sababu unafuata mviringo. Mimi ningeanza na 2.5 na kujifunza mshazari, maana mwendo huo utauhitaji kwenye jiwe pia.

Kuhusu mvuto: ngozi nyingine hushika wembe na kuburuta, nyingine huteleza. Watu hubishana sana hapa. Kwa makali, tofauti ni ndogo kuliko inavyosemwa. Kwa mkono unaojifunza, mvuto wa wastani ni bora, kwa kuwa unakuambia kama bapa limelala sawasawa. Ngozi ikianza kukauka na kupoteza mvuto, isugue kwa kiganja safi mara kwa mara. Joto na mafuta ya mkono hutosha. Usipake mafuta ya kupikia, huchacha na kuacha utando unaonata.

Kama huna mahali pa kutundika, kuna ngozi iliyobandikwa kwenye ubao. Hailegei, kwa hiyo inamwondoa yule muuaji wa kwanza. Ila ni fupi, na hupati kitambaa cha turubai au kitani kinachokuja nyuma ya mkanda wa kutundika. Na kitambaa hicho usikidharau: ndicho kinachosafisha ukingo na kuondoa unyevunyevu kabla ya ngozi.

Neno moja kuhusu dawa za kupaka mkanda, kama ule unga wa kijani wa oksidi ya kromiamu wa mikroni 0.5 au almasi ya mikroni 0.25. Hizo hula chuma. Ni msaada mzuri makali yanapoanza kuchoka, mipito kumi tu, kwenye ubao au kitambaa cha peke yake. Ukizipaka kwenye ngozi yako ya kila siku, umeibadilisha kuwa kinoo laini kinachobonyea, na kadiri siku zinavyopita ukingo utakuwa mviringo. Haziondoki kwa urahisi.

## Katikati inanyoa, ncha au kisigino hakinyoi

Chukua kalamu ya wino mzito, paka miteremko ya makali yote pande mbili, kisha pitisha wembe mara mbili tatu kwenye jiwe kwa wepesi. Tazama wino uliobaki. Ulipobaki, jiwe halikufika, na bila shaka hata mkanda haufiki.

Wino ukibaki kisiginoni, angalia kama ile sehemu nene kati ya bapa na shingo inapanda juu ya jiwe na kuuinua wembe. Kosa hili ni la kawaida. Sogeza wembe nje kidogo, ulaze bapa peke yake. Ukibaki nchani upande mmoja na kisiginoni upande wa pili, bapa limepinda, jambo ambalo nyembe za zamani huwa nalo mara nyingi. Halinyooshwi. Linanolewa kwa mwendo wa mshazari kwenye jiwe jembamba, na linanyoa vizuri kabisa. Ukibaki bila mpangilio, kagua jiwe: lililobonyea katikati halifiki kila mahali. Chora mistari ya penseli juu yake, ulisugue kwenye bamba lenye chembe za almasi hadi mistari yote ifutike.

Kuna hali moja ninayokushauri uiache: makali yaliyobonyea kwa ndani, kama mdomo ulionuna. Katikati haitagusa jiwe hadi chuma kingi cha pembeni kiondolewe. Inawezekana, lakini si kazi ya wembe wa kwanza.

## Unanoa, na ukingo unaendelea kumenyeka

Unanoa vizuri, unatazama kwa lenzi, ukingo uko safi. Siku ya pili vipande vidogo vimedondoka. Hapa chanzo kimo ndani ya chuma. Inawezekana vishimo vya kutu vimeingia hadi kwenye ukingo. Kila unaponoa unafika kishimo kingine. Endelea na jiwe la namba ndogo hadi upate chuma kizima, kama kipo.

Au kuna mtu aliwahi kuung'arisha kwa mashine ukapata moto. Chuma cha wembe hupoteza ugumu wake kikipashwa kupita kiasi, na hapo makali huwa laini, yanalala badala ya kusimama. Ukiona rangi ya buluu au zambarau karibu na makali, joto lilifika karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Wembe huo umebaki pambo.

Au kuna ufa. Pitisha ukucha taratibu juu ya bapa kutoka mgongoni kwenda kwenye makali; ufa huushika. Bapa lisiloguswa na mpini ukilidonoa kwa ukucha hulia *ting* ya kuendelea; lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Wembe wenye ufa usiusogeze usoni kabisa.

## Kabla hujanunua mwingine

Maswali yote hapo juu unaweza kuyauliza kwa picha. Omba picha ya makali dhidi ya mandhari meusi, ya mgongo kutoka juu, na ya wembe ukiwa umefungwa. Mgongo ulioliwa ukawa bapa pana, mpana upande mmoja kuliko mwingine, unaonyesha kunolewa vibaya kwa miaka. Madoa meusi juu ya bapa hayana neno. Madoa yaleyale yakiwa milimita moja kutoka kwenye makali, achana nao.

Maandishi kwenye shingo husaidia kujua ulipotoka. Sheffield ya Uingereza, Solingen ya Ujerumani, Thiers ya Ufaransa na Eskilstuna ya Sweden ni miji iliyotengeneza nyembe nzuri mno. Jina la nchi likiwa limegongwa, kama "England" au "Germany", kuna uwezekano mkubwa wembe ni wa baada ya 1891, kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa zinazoingizwa huko zionyeshe nchi zilikotoka. Upana wa bapa hupimwa kwa sehemu za nane za inchi. Chagua 5/8 au 6/8: jembamba zaidi huhitaji mkono wenye uhakika, na pana zaidi huziba njia chini ya pua. Ncha ya mviringo itakusamehe makosa ambayo ncha ya mraba haitakusamehe.

Na kwa kuwa umeguswa na damu za watu usiowajua, uoshe kwa sabuni na uupanguse kwa spiriti ya asilimia 70 kabla ya lolote. Usiuchemshe. Chuma kitavumilia, mpini hautavumilia.

## Kutu inarudi palepale

Kama inarudi popote, ni maji. Baada ya kunyoa suuza, futa kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, pitisha ukanda wa karatasi laini kati ya vipande vya mpini, uache wembe wazi kwa muda. Usiuweke bafuni. Ukiuhifadhi kwa wiki kadhaa, paka mafuta mepesi ya madini.

Lakini kutu ikirudi sehemu ileile, ile inayofunikwa na mpini tu, nusa mpini. Mipini mingi ya mwisho wa karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20 ni ya seluloidi, aina ya plastiki ya zamani, na seluloidi inayooza hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma. Harufu ni kali kama ya kafuri iliyochachuka, na wakati mwingine mpini umepasukapasuka au kupauka. Kufuta kutu hakutasaidia. Uondoe wembe kwenye mpini huo, uuwekee mwingine, na wa zamani usiuache karibu na nyembe nyingine wala karibu na moto, kwa sababu seluloidi huwaka haraka sana.

## Makali yanapita vipimo vyote, ila uso unawaka

Sasa ni zamu ya mkono. Tazama pembe: mgongo ukae mbali na ngozi kwa unene wake kama mara mbili, karibu nyuzi 30. Ukiusimamisha zaidi, unakwangua, na ndiyo maana ngozi inawaka. Ukiulaza mno, unavuta, na utadhani ni butu. Nyoosha ngozi kwa mkono wa pili, vidole vikavu, kila mpito bila kuruka hata mmoja. Mipito mifupi, kufuata ndevu zilikolala.

Wiki ya kwanza nyoa mashavu tu, umalizie kwingine kwa chombo ulichozoea. Mashavu ni bapa na hayana siri. Povu liwe na maji ya kutosha kiasi cha kung'aa. Likiwa kavu kama pamba, wembe hukwama hata ukiwa na makali ya ajabu.

Ukimaliza, jipake maji baridi na kipande cha shabu. Mahali kitakapochoma ndipo ulipokandamiza, na kwa wengi huwa pembeni mwa kidevu, pale taya linapokunja kona. Kesho anza hapo ukiwa na mkono mwepesi zaidi, mkanda uleule, sabuni ileile.